Blanketi la Cheche Lililopungua Miguuni

Mimi nikisimulia jambo, majirani hugawa kwa tatu ndipo waamini. Hili, wajukuu zangu, msiligawe.

Dada yangu ana mtoto mmoja wa kiume, fundi wa kuchomelea vyuma, tunamwita Cheche. Mikono yake mikubwa, akikusalimia unahesabu vidole vyako kabla ya kuondoka. Mageti ya mtaa mzima kayaunga yeye, na hakuna lililopinda.

Dada akapofuka. Hakulia. Aliketi kitandani akauelekea ukuta, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano. Tukimsemesha anajibu, "Nasikia sauti tu. Watu siwapati." Mwisho hata kujibu akaacha.

Siku moja asubuhi Cheche akaniingilia na gunia la nguo kuukuu.

"Mama mdogo, nifundishe kushona."

"Ushone nini, ngozi ya kifaru?"

"Blanketi la viraka, la mama. Humu mna koti la marehemu baba, pazia la zamani, sare za shule za dada zangu, kitenge chako. Macho yamekwenda, vidole vipo. Labda atatupata humo."

Huyu sindano hajaishika tangu azaliwe! Ya kwanza ilipotelea kiganjani mwake. Tuliitafuta siku mbili, tukaikuta imejilaza kwenye mkunjo, imestarehe. Hilo sawa, gaweni.

Akaanza kukata. Alipima kwa futi ya chuma, kila kiraka shubiri kwa shubiri, pembe kali kama za dirisha. Nikaliona kosa palepale: anakata kitambaa kama bati! Chuma huungwa ukingo kwa ukingo, hakipungui. Kitambaa kila mshono hula kidole huku, kidole kule. Nikasema moyoni, mwache akate viwili vitatu nimcheke, kisha nimwonyeshe. Nikaegemea kiti kuungojea utamu. Usingizi nao mwizi. Nilipofumbua macho, koti la marehemu limekwisha, pazia limekwisha, gunia tupu.

Nikaumeza ulimi wangu. Miezi miwili akitoka kazini anashona, vidole vimetobolewa kama chujio, na mishono midogo, imenyooka, hata mimi niliyezaliwa na uzi mkononi nikaionea wivu.

Siku ya kumfunika mama yake, blanketi likaishia kwenye ugoko, chini ya magoti. Miguu yote nje.

Cheche akapima mara tatu. "Mama mdogo, mbona nilipima vizuri?"

"Ulipima vizuri, mwanangu. Aliyelala ni mimi." Nikamweleza yote. Hakunikemea. Heri angenikemea.

"Koti la baba silipati tena," alisema polepole, akashika ncha ya blanketi aliondoe.

Halikutoka. Dada alikuwa amelishika.

Vidole vyake vikaanza kutembea. Vikasimama. "Koti lake hili. Hapa ndipo ulipokuwa mfuko wa misumari." Sauti iliyokaa miezi bila kutumika, imeota kutu! Vikaendelea. "Pazia la chumba cha nyuma. Sare za wasichana: huyu mkubwa, huyu mdogo, aliirarua akiruka ua. Na hiki... wewe mwongo, na wewe umo? Kitenge kinakwaruza kama maneno yako."

Wajukuu zangu, chumba kile kilijaa. Tulikuwa watatu tu, lakini kila aliyetajwa niliona kama ameingia akaketi ukingoni mwa kitanda, hata shemeji yangu aliyezikwa.

Vidole vikafika mwisho wa kitambaa, vikapapasa hewa.

"Cheche yuko wapi?"

"Niko hapa, mama. Mimi ndiye niliyeshona."

"Sikuuliza fundi. Wote nimewagusa, mwanangu hayumo. Na hapa mwisho miguu yangu inapigwa baridi."

Cheche akajitazama. Alikuwa na ovaroli lake la kazi, limejaa matundu ya cheche za moto. Akalivua palepale, akabaki na kaptura mbele ya mama yake na mimi, mtu mzima na ndevu zake, akachukua mkasi.

Nikamdaka mkono. "Ngoja, mwanangu! Safari hii ongeza kidole huku, kidole kule."

Mpaka leo dada akilala hutafuta tundu moja kwenye kile kiraka cha mwisho, cha ovaroli, akapenyeza dole gumba la mguu. Asipolipata, halali. Huita, "Cheche!" mpaka aitikiwe.