Mama Pasi na Uzi wa Kila Mlango

Siku ya kwanza kumwona Mama Pasi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mlango wa watu, nang'oa kitasa. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mtaa ule ulipoanza kununuliwa nyumba kwa nyumba, madalali waliniita mara kwa mara, maana mwenye nyumba mpya kitu cha kwanza anachotaka ni ufunguo ambao yule wa zamani hana. Wengine hujua habari za mtaa kwa kusikia. Mimi nilizijua kwa bisibisi.

Ng'ambo ya njia, kibarazani, palikuwa na mama mtu mzima, mnene, anapiga pasi ya mkaa. Alinitazama kwa muda, kisha akasema:

"Fundi, aliyekuwa anakaa humo unamjua?"

Nikatikisa kichwa.

"Ni dereva wa basi la shule. Kazaliwa humo humo. Juzi wamemtoa na vitanda vyake. Wewe kitasa badilisha, ndiyo kazi yako. Mimi uzi wangu sibadilishi."

Sikuelewa, na mimi si mtu wa kuuliza. Nilimaliza, nikakusanya vifaa, nikapita mbele yake nikiangalia chini.

"Na kwaheri huna?" akasema. "Haya, nitatusemea wote wawili. Kwaheri, mama. Kwaheri, fundi."

Habari ya uzi niliielewa baadaye, maana kazi zilinirudisha mtaa ule tena na tena, na kila nikirudi nilipumzika kwenye ngazi ya kibaraza chake. Mama Pasi alikuwa dobi. Alifua uani na kupiga pasi mbele. Nguo za watu hakuziandika majina. Ndani ya kola ya shati, au kwenye pindo la shuka, alitia mshono mdogo wa uzi wa rangi. Rangi haikuwa ya mtu, ilikuwa ya mlango. Nyumba ya mshonaji ilikuwa ya njano, nyumba ya mwalimu mstaafu ya kijani, kwa dereva buluu. Mtoto akizaliwa, nepi zake zilipata rangi ya mlango wao. Binti akiolewa nyumba ya pili, Mama Pasi aliufumua uzi wa kwao na kumtia wa kwa mumewe, na walikuwapo wanawake walioniambia kwamba hapo ndipo walipojiona wameolewa kweli. Uzi mwekundu ulikuwa wa mlango wake mwenyewe.

Wenyeji walipoanza kutolewa, wengi walihamia kule mji unakoishia, kwenye nyumba zisizo hata na plasta. Lakini Jumamosi walirudi na mafurushi yao kichwani. Kwa akili ya kawaida ni upuuzi. Nguo unapanda nayo basi safari nzima ikapigwe pasi, halafu unarudi nayo imebanwa kwapani mwa abiria mwenzako. Dereva alikuwa akisema, "Dada, wewe hunyooshi shati, unaninyoosha mimi." Walikaa pale kibarazani, wakapeana habari za wagonjwa, za watoto na za madeni, wakachekana, jua likipungua wakaondoka.

"Wakikifunga hiki kibaraza," aliniambia siku moja, "pa kupigia pasi nitapata, mkaa haukosi pa kuwaka. Lakini hawa watakutana wapi?"

Sikuwahi kumsikia akitaja hofu nyingine.

Nyumba ya dereva ilipata mpangaji, kijana wa ofisini tuliyemwita Miwani. Kijana mpole, anasalimia mpaka paka. Akapeleka mashati yake kwa Mama Pasi, na Mama Pasi akayatia uzi wa buluu.

Mshonaji akamwambia, "Utakuja kuwachanganya. Dereva mashati meupe, huyu mashati meupe."

"Mlango ni mmoja."

"Dereva hana mlango tena, shoga yangu."

"Nani kasema? Kitasa?" Akanigeukia mimi. Wote wakacheka, nami nikainamia mfuko wa vifaa kama nimepoteza kitu.

Yeye mwenyewe hakuwachanganya hata mara moja. Kola za dereva zilichakaa upande mmoja, upande anaogeuzia shingo kuangalia watoto wanaoshuka. Aliigusa tu kola akajua. Shida ilikuja alipolala na homa, binti yake akashika kazi. Binti aliona uzi wa buluu, akakusanya furushi lote la buluu, akalipeleka kwenye mlango wa buluu. Kwa kanuni ya mama yake, hakukosea kitu.

Jumamosi dereva akaja, shati hakuna.

"Sasa Jumatatu nibebe watoto wa watu na fulana?"

Mama Pasi alikuwa amekaa mlangoni, kajifunika shuka. "Si hapo tu ng'ambo? Nenda kagonge."

"Nigonge kwangu?"

Tangu atolewe, dereva hakuwahi kuvuka ile njia. Alikaa kila Jumamosi akiipa nyumba mgongo.

"Nenda na fundi," Mama Pasi akasema taratibu. "Huyu hatakuchosha kwa maneno."

Tukavuka. Pale mlangoni aliinua mkono, lakini hakugonga. Mkono ulishika kitasa ukakizungusha, kama mtu anayerudi kwake kutoka kazini. Kitasa kikakataa. Nilikifunga mimi, na nilikifunga vizuri, na siku hiyo kazi nzuri ilinichoma. Kabla hajajua la kufanya, mlango ukafunguliwa. Miwani alikuwa amesimama ndani ya shati ambalo mabega yake yalimfika karibu na viwiko.

"Hilo shati ni langu," dereva akasema.

Kijana akajitazama. "Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani nimekonda. Wiki nzima nakula kwa bidii nilijaze."

Dereva alikuwa amekuja na hasira, ikamponyoka. Alicheka mpaka akaegemea mlango. Tukakaribishwa, tukaingia, na hapo kicheko kikakatika, maana vyumba viwili vilikuwa vimefanywa kimoja.

"Hapa palikuwa na ukuta."

"Nilikuta hivi, kaka."

"Mama yangu alilala nyuma ya huo ukuta. Akitaka maji, anaugonga."

"Sikujua."

"Ungejuaje."

Kijana aliinjika chai. Aliyakunja mashati ya dereva moja moja, vibaya sana, na dereva akamwacha tu. Wakati wa kuondoka dereva alipita pale palipokuwa na ukuta kwa kuzunguka, akifuata njia ya mlango ambao haupo.

Tangu hapo Miwani naye akawa anakaa kibarazani Jumamosi. Mshonaji alimpokea kwa kelele: "Karibu, mdogo wake dereva. Mmefanana kola." Naye akazoea kutaniwa, halafu akaanza kutania.

Kisha nyumba ya Mama Pasi nayo ikauzwa. Chumba chake cha nyuma aliachiwa kwa muda, lakini mbele palitakiwa mgahawa wa kioo. Miwani akamwambia, "Mama, njoo kwenye kibaraza changu."

"Ahsante, mwanangu. Ila hicho si chako peke yako. Tumuulize mwenzako wa buluu."

Akamuuliza dereva mbele ya watu wote, kwa heshima, kama mtu anayeomba chumba kwa mwenye nyumba. Hakumuonea huruma, alimuuliza kwa sababu kwake yeye jambo lilikuwa hivyo. Dereva akakohoa, kisha akasema: "Mruhusu. Ila maji ya kufulia yasimwagwe upande wa mlangoni. Mama alikuwa hataki."

"Sawa, kaka," Miwani akajibu. "Nitaangalia."

Nimeona watu wakikabidhiwa nyumba kwa muhuri na wakili, lakini hakuna aliyewahi kupokea masharti kwa adabu kama yule kijana siku ile.

Mama Pasi akahamishia pasi ng'ambo, na watu wakamfuata. Mambo yakaenda vizuri mpaka kodi ya Miwani ilipopandishwa kwa mpigo, naye akashindwa. Nikaitwa kung'oa kitasa nilichokifunga mwenyewe. Mama Pasi alikuwa palepale, anapiga pasi shuka.

"Kijana naye," akasema.

"Na uzi wake?" nikauliza. Ni katika maneno machache niliyowahi kumuuliza.

"Wa buluu. Kwani kabadilika rangi?"

Mtaa ule ulikuwa umemwishia vibaraza. Sikumwona akilia, wala sisemi hakulia. Nilichokiona ni kwamba alimuuliza dereva kama mbele ya nyumba yake kule pana kivuli, na kama jirani ana chumba. Jumamosi iliyofuata akawatangazia:

"Miaka yote nyinyi mmekuja kwangu. Sasa mimi nakuja kwenu. Anayeona mbali aseme sasa, nimfumue uzi wake."

Hakuna aliyesema. Miwani peke yake, aliyekuwa amepanga upande mwingine kabisa wa mji, aliinua kidole kama yuko darasani. "Mama, wangu usiufumue. Nitafika."

"Usimtishe mtoto," mshonaji akasema, "ataanza kukonda tena."

Siku ya kuhama niliitwa kubadilisha kitasa cha chumba chake. Nilitaka kukataa, kisha nikaona angeitwa mwingine, naye angeanza kugongagonga vitu vikiwa bado ndani. Nikaenda, nikasubiri mpaka furushi la mwisho likatoka. Sakafuni palibaki doa jeusi pale pasi ilipozoea kupoa. Kabla hajatoka alinipa shati langu. Mashati yangu alikuwa akiyapiga pasi muda mrefu, lakini hayakuwahi kuwa na uzi, kwa sababu sikuwa na mlango mtaa ule. "Wewe nakutambua kwa ukimya," alikuwa akisema. Nilipoigeuza kola, ndani palikuwa na mshono mdogo mwekundu.

Nikamwambia kitasa chake cha zamani bado kizima, nitakipeleka kule nimfungie.

Na nilikipeleka. Kule hakuna lami wala mataa, lakini Jumamosi ile nilimkuta amezungukwa na watu chini ya kipaa cha mabati, mshonaji, dereva, Miwani na vumbi viatuni, na pasi inatoa cheche. Nikafunga kitasa kwenye mlango wake mpya, nikakijaribu, nikampa ufunguo. Mvua kubwa zilipoanza akaugua, na dereva ndiye aliyeniletea habari ya msiba. Binti wa Mama Pasi ndiye anayepiga pasi sasa, rangi ni zilezile, na Jumamosi bado wanakuja.

Jioni ile ya kitasa nilikuwa nimeshaaga, kwa sauti safari hii, na nimeshafika barabarani aliponiita nigeuke.

"Fundi," akasema, "hicho kitasa ni cha wageni. Wewe siku ukija usigonge. Sukuma tu uingie."