Ukoko wa Mama

Mama alipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikabaki na wadogo zangu wawili katika nyumba yetu ya Bigwa. Siku zote alituambia hapendi wali, anapenda ukoko. Baada ya mazishi niliendelea kuukwangua, nikauweka kwenye sahani na kuufunika kwa bakuli. Asubuhi niliwapa kuku. Hakuna aliyeniuliza. Siku nyingine nililikuta bakuli limesogea, nami sikuuliza.

Mwaka jana nilipata kazi ya kumpikia bibi mmoja Mwajemi aliyekuja mjini kukaa na mwanawe. Bibi hakujua Kiswahili hata neno moja. Mwanawe aliniandikia sentensi za jikoni kwenye daftari, akanipa mwezi mmoja. Nikielewana na mama yake, nabaki. La sivyo, atatafuta mwingine. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa kidato cha tatu, na bila kazi ile naye angeacha shule kama mimi.

Jioni mdogo wangu huyo alinishikia daftari huku nikichambua mchele.

"Naosha mchele."

"Berenj mishuyam."

"Chumvi ni kidogo."

"Namak kam ast."

"Dada, siku hizi hata kuku unawafukuza kwa Kiajemi."

Sentensi moja niliiruka kila siku: *madar berenj mipazad*, mama anapika wali. Aliona ninavyoiruka, akawa anageuza ukurasa.

Wiki ya mwisho nilipika wali wa kwetu, kwa iliki ya Kinole, kijiji cha mlimani. Nilipoupakua, mikono ikafanya ilivyozoea: ikakwangua ukoko, ikauweka kwenye sahani, ikaufunika na kuuacha dirishani, upande wa mlima. Wali nikaupeleka mezani.

Bibi aliutazama, kisha akanitazama mimi. "Tahdig ku?"

Ukoko uko wapi? Daftari lilikuwa limeniambia: kwao ukoko ndio heshima ya chakula chote, haukosi mezani. Nilikuwa nimelisoma. Mikono haikusoma.

Alinifuata jikoni, akaliona bakuli, akalifunua. Akauliza ni wa nani.

Nilikuwa na maneno ya kitunguu, ya moto, ya chumvi. La kifo sikuwa nalo.

"Madar," nikasema.

Aligeuka kuutazama mlango, kama anayesubiri mtu aingie. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba ya uani.

"Madar nist," nikaongeza. Mama hayupo.

Aliirudia sahani. Kisha akauvunja ukoko vipande viwili, akachukua kimoja, kingine akakifunika palepale.

"Farda adas mipazim," akasema. Kesho tutapika dengu.

Nilirudi nyumbani nikijua nimebaki kazini. Nikapika, tukala, nikaufunika ukoko. Mdogo wangu akafungua daftari.

"Sentensi ya leo, Dada?"

"Madar berenj mipazad."

Alifuatisha kwa kidole, polepole. "Umepatia," akasema. Hakuna kati yetu aliyegeuka kutazama jikoni.