Sifuri Niliyoiandika Jumapili

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Njombe enzi za Mwingereza, nyapara alinikabidhi bendera mbili. "Nyekundu husimamisha gari, kijani huruhusu. Ukikosea, mtu anakufa. Umesikia?" Nikaitikia na kuzipokea. Ninyi vijana mnadhani ilikuwa kazi ya kusimama tu. Haya, kasimameni!

Baadaye nilihamishiwa kambi ya barabara upande wa Makambako, chini ya Bwana Inspekta, Mzungu mwenye haraka. Ilipendekezwa tuchimbe mawe ya kokoto mlimani, juu ya kijiji chetu. Malori yangeshuka na kuingia barabarani palepale ng'ombe wanapovuka kwenda mtoni. Wa kwetu walichungwa na mama, tangu baba afariki.

Kwanza ilibidi wanyama wanaovuka pale wahesabiwe, ijulikane kama malori yanaweza kupita: unakaa kando, kila mnyama akipita unapiga mstari daftarini. Bwana Inspekta akachagua Jumapili asubuhi. Jamani! Jumapili kijiji kizima kiko kanisani, na ng'ombe hawafunguliwi zizini mpaka ibada iishe. Tulikaa hadi saa nne, hakupita hata mbuzi.

"Andika sifuri, twende," akasema.

Nilijua siku nyingine ng'ombe hujaa pale. Lakini mwenzangu mmoja alikuwa amefukuzwa kwa kumbishia. Nikaandika.

Jumatatu lori la majaribio likapakiwa mawe, nami nikawekwa kivukoni na bendera zangu. Ukungu ulikuwa mzito. Nikasikia lori likinguruma mteremkoni, na papo hapo sauti ya mama akiswaga ng'ombe. Mungu wangu! Nilikimbia kuupanda ule mteremko nikipunga nyekundu na kupiga kelele mpaka sauti ikakatika. Breki zililia. Lori lilisimama hatua mbili kutoka kwa mama, mkono wake ukiwa mgongoni mwa ng'ombe.

Nikamwendea Bwana Inspekta. "Bwana, jana watu walikuwa kanisani."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

Alichukua daftari, akaikata ile sifuri kwa kalamu. Njia ya malori ikapelekwa upande wa pili wa mlima.

Nimestaafu zamani, lakini nikisikia lori likibadili gia mteremkoni, mwili bado unasisimka. Mama alimsimulia kila mgeni jinsi mwanawe alivyomwokoa kwa bendera, nami kila mara niliangalia chini. Tulimzika akiamini hivyo. Ile sifuri sikuwahi kumwambia.