Helikopta ya Kaka Yangu

Nyumbani kwa dada yangu, Kibiti, juu ya kochi, imetundikwa picha ya helikopta. Ameikuza, akaitia fremu ya rangi ya dhahabu, akaiweka mahali ambapo watu wengine huweka picha ya Makka. Mgeni akiingia, hata maji hajapewa, anaonyeshwa. "Hiyo ndiyo iliyomfuata mwanangu," anasema dada. Mwanawe mwenyewe yumo humo humo sebuleni, ana mguu mmoja, anatengeneza simu za watu kwenye meza ndogo karibu na dirisha. Kwenye picha haonekani. Anayeonekana ni kaka yetu mkubwa, amevaa miwani ya jua, mkono ameuweka juu ya mlango wa helikopta utadhani kainunua yeye.

Niseme mapema kwamba nilikuwa dereva wa gari la wagonjwa mpaka nilipostaafu, mtu asije akadhani nasema kwa wivu. Gari langu watu walilidharau. Kiti cha dereva kilitoboka, king'ora kilikohoa kwanza ndipo kilie, na kwa kuwa mara nyingine lilirudisha maiti, wapo waliotema mate likipita. Lakini kitanda chake kilikuwa kirefu, mtungi wa oksijeni ulijaa, na muuguzi alikuwa na mahali pa kukaa. Hilo la muuguzi nitalirudia.

Mpwa wangu alikuwa Nyamisati, akipakia boriti za mikoko kwenye lori. Saa moja asubuhi kamba ikakatika, boriti zikamporomokea, zikausaga mguu wa kulia chini ya goti. Nilipigiwa simu, nikaenda na muuguzi mmoja, mama mtu mzima asiyependa maneno. Tulimkuta amelazwa kwenye turubai, mweupe midomo, anaomba radhi kwa kutusumbua. Muuguzi akamfunga mbao, akamtundikia dripu, akashika vidole vya mguu ule kimoja kimoja. "Vimepoa," aliniambia. "Damu haifiki. Twende Dar, na usisimame popote."

Barabara ya kutoka Nyamisati inatokea Bungu. Pale ukikata kulia unakwenda Dar, ukikata kushoto unarudi Kibiti. Ilikuwa saa nne kasoro. Kwa mwendo wangu wa kawaida, tungekuwa getini pa hospitali kubwa adhuhuri. Ndipo simu ikaita.

Kaka yangu ana cheo katika kampuni moja huko Dar. Kazi yenyewe hakuna kati yetu anayeweza kuieleza, ila inataka shati jeupe na simu mbili.

"Uko wapi?" aliniuliza.

"Nafika Bungu. Nampeleka Dar."

"Na huo mkweche? Mdogo wangu, una akili kweli? Utamuua njiani. Mrudishe Kibiti, nendeni uwanja wa shule. Naleta helikopta."

Lami ilikuwa kavu, haina hata lori moja. Muuguzi aligonga kioo nyuma yangu. "Dereva, Dar ni kulia." Nikamjibu kwamba helikopta inakuja. Nililisema hilo neno kwa sauti ya juu, nalikumbuka, ili na wauza machungwa wa pale njia panda walisikie. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufuatwa na kitu cha angani. Nikakata kushoto.

Uwanjani akina mama walikuwa wameanika mpunga. Mtendaji akawaamuru wauondoe, wakaukusanya nusu, nusu wakaubakisha kwa kuwa hawakuamini. Wanaume wanne wakaanza kubishana chokaa ichorwe duara au msalaba. Diwani akafika amevaa koti, jua lile. Dada alikuja mbio analia, lakini aliposikia kinachongojewa akafuta machozi, akarudi nyumbani kubadili kanga. Simlaumu sana. Sote tulipatwa na wazimu ule ule, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa najua kazi.

Saa tano nikampigia kaka. Wanasubiri kibali, alisema. Saa sita, wanajaza mafuta. Saa saba, rubani yuko chakulani. Nilimwona yule rubani moyoni mwangu, anachambua samaki. Kila mara kaka alimalizia kwa maneno yale yale: dakika ishirini. Nami kila mara nilimgeukia diwani nikamwambia, dakika ishirini, kana kwamba nina habari.

Muuguzi alitoka ndani ya gari mara tatu. Mara ya kwanza alisema bado tunaweza kuondoka. Mara ya pili alisema vidole vinabadilika rangi. Mara ya tatu alisimama mbele yangu akaninyooshea kidole barabarani. Nikamwambia wazee wameshakaa, watu wameshajaa, itakuwaje nikiondoka sasa na helikopta ikatua bure? Hayo ndiyo yaliyotoka mdomoni mwangu. Nilijali aibu ya helikopta.

Ilitua baada ya alasiri. Mpunga ulioachwa ukaruka wote, ukawaingia watu machoni na masikioni, na bado walikuwa wanapiga vigelegele. Kaka akashuka wa kwanza. Akampa mkono diwani, akampa mkono mtendaji, akapigwa picha, ile ya ukutani, kisha akauliza mgonjwa yuko wapi.

Basi tukagundua jambo. Helikopta ile ilikuwa ya kupeleka watalii mbugani. Ilikuwa na viti vizuri vya ngozi na machela yetu haikuingia, si kwa urefu wala kwa mshazari. Wakamtoa mpwa wangu kwenye machela, wakamkalisha kitini, mguu uliosagika wakaulaza kwenye kiti cha pili, juu ya begi la kaka. Alipiga ukelele mmoja. Kilichobaki ni kiti cha mbele, karibu na rubani. Muuguzi akainua dripu yake apande. Kaka akamwambia kwa adabu kabisa, "Mama, hapa ni pangu." Akapanda yeye, akafunga mkanda, akatupungia. Dripu alipewa yeye aishike.

Muuguzi alibaki katikati ya uwanja, kwenye nywele zake punje za mpunga. Tulirudi kituoni naye amekaa nyuma, kwenye nafasi yake, karibu na kitanda kitupu.

Huko Dar walitua uwanja wa ndege, kwa kuwa hospitali haikuwa na mahali pa kutua chombo kile. Pale wakasubiri. Wakasubiri nini? Gari la wagonjwa. Likaja, likaingia kwenye foleni ya jioni, likakohoa kama langu. Walifika wodini baada ya magharibi, na kesho yake mguu ukakatwa. Kaka alituma ujumbe kwenye simu za ukoo mzima: tumshukuru Mungu, kijana ni mzima, bila helikopta tungekuwa tunaongea mengine.

Mimi si adui wa helikopta. Kule ndani ya delta, mto unapoingia baharini, kuna visiwa ambako mama mwenye uchungu wa siku mbili analazwa kwenye boti, na boti inangoja maji yajae ndipo itoke mikokoni. Nimewangoja gatini wengi wa namna hiyo. Wengine niliwapokea wamekwisha kupoa. Hao sijaona wamefuatwa na kitu chochote angani. Helikopta ilikuja Kibiti, kwenye barabara ya lami, kumchukua mtu aliyekuwa tayari njiani.

Mwezi uliopita nilipita kwa dada. Hakuwepo, kaenda sokoni. Mpwa wangu alikuwa kwenye meza yake, ameifungua simu ya mtu, magongo yameegemezwa ukutani chini ya ile picha. Akanipa shikamoo, tukazungumza haya na yale. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Mjomba, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Daktari aliniambia ningefika mchana ule, mguu ungepona. Mimi siku ile nilikuwa macho. Pale Bungu nilisikia gari likikata kushoto. Barabara ya Dar ilikuwa na nini?"

Nilikunywa maji yaliyokuwa mbele yangu yote.

"Lori lilipinduka," nikasema. "Likafunga njia."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akachukua bisibisi yake.

"Nilijua tu," alisema. "Mama anawaambia wageni eti ulirudi kufuata helikopta. Kila siku nambishia. Namwambia mjomba namjua mimi, njia ingekuwa wazi angenipeleka."