Sharubu za Kitavi na Shakwe wa Uthiru

Kitavi, kinyozi wa Uthiru, aliwahi kukaa Malindi siku nane kwa ajili ya harusi ya shemeji, na tangu arudi hakuna aliyemshinda kwa elimu ya bahari. Mteja akikaa tu kwenye kiti, ameshaanza kuelezwa jinsi shakwe, wale ndege weupe wa baharini, wanavyorudi Ulaya kila mwezi wa nne.

"Na wengine hukata njia ya bara," alisema. "Wanapita hapa hapa juu ya Waiyaki Way."

"Wanapita kufanya nini, kunyolewa?" Macharia, mwenye bucha ya jirani, alimcheka. "Wasipoonekana Jumamosi kabla ya saa sita, hizo sharubu nazinyoa mimi. Tena kwa mashine yako!"

Basi hapo mambo yaliharibika, maana sharubu za Kitavi ndizo zilikuwa bango la biashara. Zilipinda juu kama pembe za ng'ombe, na watu walitoka hata mtaa wa Jamhuri kuja kuziangalia. Mwamuzi akawekwa Mama Waceke, mwenye nyumba, mama wa kanisa ambaye hajawahi kudanganya hata umri wake.

Jumamosi asubuhi Kitavi akapata akili, au kitu kilichofanana nayo. Ndege wa bahari anakula samaki, sivyo? Akamwaga kilo mbili za omena juu ya mabati ya banda lake la kinyozi.

Shakwe hawakuja. Walikuja mwewe. Mwewe wa Uthiru hawajui foleni: walimaliza omena, wakashukia matumbo ya ng'ombe buchani kwa Macharia. Macharia akatoka mbio na panga, aproni ikipepea, akifukuza utumbo uliokuwa ukielekea Kangemi kwa njia ya anga. Kitavi, bingwa wa ndege, alikuwa chini ya kiti amejifunika beseni.

Saa sita kasorobo Macharia akarudi anahema. "Leta mashine!"

"Ngoja kwanza," Mama Waceke akaita kutoka kwenye baraza ya juu ya nyumba yake, alikokuwa amekaa na magoti yake mabovu. "Mlipokuwa mkipigania matumbo, mimi nimewaona hao ndege. Sita. Weupe, mabawa meusi, wamepita juu kabisa kuelekea Limuru."

Macharia akanywea. Kitavi alikuwa ameokoka kabisa, kama angefunga mdomo tu. Lakini ni Kitavi.

"Sita wapi, Mama? Walikuwa tisa! Nimewahesabu mwenyewe."

"Umewahesabu ukiwa ndani ya beseni?" Mama Waceke akauliza.

Kitavi akalisukuma beseni nyuma ya kiti kwa mguu.

"Ndege wamepita, kwa hivyo sharubu zibaki," Mama Waceke akakata kesi. "Lakini kwa huo uongo, Macharia, nyoa upande mmoja."

Siku hizi Kitavi husimama mlangoni kiubavu. Wanaotoka upande wa barabara wanaona sharubu, wanaingia. Wanaotoka upande wa bucha wanaona upande ulionyolewa, wanaambiwa hivyo ndivyo mabaharia wa Malindi wanavyonyoa.

Wawili tayari wameomba wanyolewe hivyo hivyo.