Ukimaliza Nitakuja

Nyumba ya wazazi wangu kule Magamba ilijengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo mtupu, bila saruji. Ndiyo maana ilipobomolewa matofali yalitoka mazima. Tofali lililoshikwa na saruji huvunjika kabla ya kuachana na mwenzake. Haya yetu, ukiyatikisa kidogo tu, yanakuja mkononi.

Baba alikuwa ameshafariki, ukuta wa nyuma umeanza kulala, na mama amehamia Majimoto kwa dada yangu mkubwa. Tukakubaliana nyumba ishushwe kabla haijamwangukia mtu. Ndugu zangu hawakutaka chochote. Mimi niliomba vyote: matofali, mabati, mlango, na fremu za madirisha za mninga ambazo mchwa walishindwa nazo miaka yote. Nilikuwa naishi Majengo, mjini Mpanda, kwenye chumba kimoja chenye nafasi ndogo kwa nyuma. Nikampigia mama simu kwamba nitamjengea chumba pale, kwa vitu vyake mwenyewe, aje tukae wote.

"Ukimaliza nitakuja," alisema.

Nililichukua neno hilo kama lilivyo. Hapo ndipo nilipopotea.

Mimi ni fundi cherehani. Ujenzi nimejifundisha kwenye simu, kwa kutazama video nikiwa kitandani, nikirudisha nyuma mahali pale pale mpaka bando linaisha. Sokoni kazi yangu kubwa ni nguo za mitumba: napunguza suruali, nageuza kola zilizochakaa, nabana magauni. Kazi hii imenipa tabia moja ambayo kwenye kitambaa ni sifa na kwenye ukuta ni ugonjwa. Mshono ukienda upande, nafumua.

Sikutaka matofali mapya. Tofali jipya huku kwetu linataka tanuru, na tanuru linataka magogo. Njia ya Magamba niliyoipita nikiwa mdogo ilikuwa na miti pande zote mbili, sasa kuna visiki. Nilijiambia kwamba chumba cha mama hakitaongeza kisiki hata kimoja. Hilo nalitamka kwa fahari hadi leo. Nisilolitamka ni kwamba matofali yale ya kufyatuliwa kwa mkono hayakulingana. Moja nene, jingine limepinda, jingine limeungua pembeni. Niliyapanga kwa makundi kama vitambaa dukani. Niliyakwangua udongo wa zamani, nikayaloweka kwenye beseni ili yasinyonye maji ya udongo mpya, nikaanza kujenga nikiwa na pima maji mkononi. Ukuta wa kwanza ulipofika kiunoni, niliona tumbo dogo katikati. Nikaushusha.

Jirani yangu, mama anayekaanga chapati ng'ambo ya barabara, alikuwa akinitazama.

"Dada fundi, leo unajenga au unabomoa?"

"Najenga."

"Haya. Maana kwa hapa nilipo naona ni kitu kimoja." Akageuza chapati. "Na hiyo nyumba ya mtumba ukimaliza usisahau kuipiga pasi!"

Wateja wake wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikaingia ndani, nisitoke mpaka walipoondoka. Sijui kupokea utani. Utani wa dakika moja naweza kuukalia wiki nzima.

Ukuta ulipanda hatimaye. Mabati ya zamani yalikuwa na matundu ya misumari ya kwanza, nikakata raba za kandambili zilizochakaa, vipande vidogo vya duara, nikaziba kwa kupigilia misumari juu yake. Mafundi wawili wakanisaidia kuezeka kabla ya mvua. Mvua ilipokuja halikupenya hata tone. Chini ya sakafu nilishindilia vipande vya matofali yaliyovunjika, na kuta nikazipaka udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga. Ulipokauka ulipasuka kama kisigino. Nikakwangua, nikapaka upya.

"Umemaliza?" mama aliuliza kwenye simu.

"Bado, mama. Plasta imepasuka."

"Haya. Ukimaliza utaniambia."

Mara nyingine ilikuwa mlango unagusa fremu. Mara nyingine sakafu, ambayo macho hayakuona tatizo lakini miguu yangu ililisikia. Mama alizidi kuuliza, halafu akapunguza, halafu tukawa tunazungumza habari za mvua na bei ya mchele.

Jirani alinisema waziwazi. "Mlete mama yako bwana, mtamalizia akiwa ndani. Nyie mnaosoma kwenye simu mna shida. Mimi nimezaa watoto wote kwenye pagale, madirisha magunia matupu."

Ni kweli, mtaa wetu wote uko hivyo. Watu huhamia ukuta ukiwa haujakauka, dari wanaweka mtoto akishaingia sekondari. Lakini mimi niliogopa mama aingie aone kosa. Na kuna jingine, hili ni gumu zaidi kulisema. Jumapili wenzangu walipotoka kanisani kwa makundi, wakielekea kwa shangazi, kwa wachumba, mimi nilikuwa na mahali pa kukimbilia. Nilibadili nguo nikachukua timazi. Mtu akiniuliza mbona siku hizi sionekani, nilikuwa na jibu. Najenga.

Mama alikuja bila kuniambia. Nilisikia bodaboda ikizima injini, nikatoka na mikono imejaa udongo, nikamkuta amesimama na kimkoba chake. Nilimshika miguu kumsalimu, akaniinua.

Aliingia chumbani bila kukaribishwa. Akagusa fremu ya dirisha.

"Hili ni la chumbani kwetu."

"Ndiyo, mama."

"Limekuwa laini."

"Nimelipiga msasa."

Akakaa kwenye ndoo niliyoigeuza. "Sasa kimebaki nini?"

Nikamwonyesha ufa wa kwenye kona, nafasi chini ya mlango, sehemu sakafu inapoteremka. Alifuata kidole changu kila kilikokwenda, akikaza macho, kama mtu anayeonyeshwa ndege ndani ya majani.

"Mabati yaliwekwa lini?"

"Kabla ya mvua."

"Mvua za mwaka jana?"

"Ndiyo."

Akatazama juu. "Mwanangu, bati likishakuwa juu, si umemaliza? Mimi nilipokuwa nasema ukimaliza nilikuwa nasema bati. Wewe ulikuwa unasema nini?"

Nikaanza kukwangua udongo uliokaukia vidoleni.

"Nilidhani umepata mtu wa kukaa naye," akasema, "unaona aibu kuniambia. Nikasema nisimsumbue."

Nilianza kucheka, kicheko kikanigeukia kilio. "Hakuna mtu, mama. Hajawahi kuwepo."

Alinifuta uso kwa pindo la khanga nililolichafua wakati wa kumsalimu, akaniachia udongo shavuni.

Usiku ule alilala chumbani kwake. Asubuhi nilimkuta ameshafagia na kukunja shuka, na nikajua anarudi Majimoto. Alinieleza taratibu, kama anayenionea huruma. Alipofika Majimoto mwanzoni hakupanda kitu, mizigo yake ilikaa pembeni imefungwa, anangoja simu yangu. Baadaye akaona aibu kwa dada, akaifungua. Sasa ana jaruba lake la mpunga na wenzake wa kulima nao, na mjukuu wa mwisho hakubali kulala bila yeye.

"Chumba ni kizuri," alisema. "Kizuri kuliko kile cha kwanza."

Nilimsindikiza stendi, nikambebea kimkoba hadi kwenye kiti. Akanishika mkono kupitia dirishani.

"Nitakuja tukishavuna."

"Mkishavuna ni lini?"

"Si tukishavuna."

"Mama, niambie vizuri. Mpunga ukishakatwa? Ukishapigwa? Au ukishaingia kwenye magunia?"

Alicheka. Alipoona sichezi, akaacha.

"Ukishaingia kwenye magunia."

"Yote?"

"Wewe mtoto! La kwanza. Gunia la kwanza likijaa, napanda basi."

Konda akapiga bodi, gari likatoka. Nilibaki pale pale nikiangalia vumbi, kwa muda mrefu kiasi kwamba wapiga debe walianza kunijia mmoja mmoja wakiniuliza, dada, unasafiri kwenda wapi.