Kazi Safi ya Mzee Midomo

Tulimwita Mzee Midomo, na si kwa sababu ya kusema sana. Jina lilitokana na midomo minne ya injini, miwili kila ubavu wa ndege, aliyokuwa akiitunza tangu kabla sijaajiriwa. Mkewe alimtania kwamba anashinda na midomo minne kazini, halafu anarudi nyumbani bila hata mmoja.

Ndege zetu hupanda juu moja kwa moja, bila kukimbia uwanjani. Siku aliponifundisha, alinishikisha mpira wa kumwagilia maji, akafungua koki yote. Mpira ukanisukuma nyuma.

"Umeona? Maji yanaenda kule, we unakuja huku. Ndiyo hivyo hivyo."

Injini huvuta hewa mbele na kuitema kwa nguvu kupitia midomo ile. Midomo ikitazama nyuma, ndege huenda mbele. Ikitazama chini, ndege huinuka na kusimama hewani. Minyororo kama ya baiskeli huigeuza yote minne kwa pamoja, na rubani huiamuru kwa wenzo mmoja uliowekwa sambamba na ule wa kuongeza nguvu. Nyenzo zote mbili hushikwa kwa mkono wa kushoto. Mpango huo sijawahi kuupenda, na nililisema hilo mpaka wakubwa wakanichoka.

Mmoja wa marubani wetu alikuwa binti yake Mzee Midomo. Mbele yetu hakuwahi kumsifu, ila midomo ya ndege ya binti aliifunga mwenyewe, na ole wake ambaye angeigusa.

Asubuhi moja binti alikuwa anatua. Ndege ilikuwa imesimama hewani, kimo cha paa la karakana, mara ikakosa cha kuishikilia, ikaanguka kwa tumbo. Binti alifia palepale.

Midomo ilikutwa imetazama nyuma. Ama mnyororo ulikatika, ama binti alitaka kuongeza nguvu akasukuma wenzo wa midomo badala yake. Wakubwa walishaanza kunong'ona hilo la pili. Mzee alinishika mkono mlangoni pa karakana.

"Mwanangu, we ndo utaifungua ndege?"

"Ndiyo, mzee."

"Utakuta ni mimi. Kuna pini sikuikaza vizuri, najua. Yule mtoto alikuwa makini."

Alikuwa anaomba yeye ndiye awe amemuua.

Nilifungua naye akiwa ameketi kando yangu, kakataa katakata kwenda nyumbani. Mnyororo ungekatika, mdomo mmoja ungetazama tofauti na wenzake. Yote minne ilitazama upande mmoja. Minyororo ilikuwa mizima, kila pini mahali pake, hata grisi ilikuwa bado mbichi.

Mzee alikuwa amefumba macho, na nyundo ilikuwa karibu. Pigo moja kwenye pini, angepata alichokitaka. Sitasema sikulifikiria. Lakini nyenzo zile mbili zingeachwa vilevile ubavuni mwa kila rubani, kwa kuwa lawama ingekuwa imeshapata mwenyewe.

"Mzee," nilisema, "kazi yako ni safi."

Fundi yeyote angefurahi kuambiwa hivyo. Yeye alijiinamia, na ndipo nilipomsikia akilia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Baadaye alifuta uso kwa kiganja.

"Angalia tena," aliniambia.

Nilijua hakuna cha kuona. Nilichukua tochi nikaanza upya, pini moja baada ya nyingine, polepole kadiri nilivyoweza, ili asifike mwisho upesi.